Ruta inayong'ang'ania njia iliyokufa, na maradhi mengine ya njia zinazojifunza zenyewe

Mpango wenyewe unafahamika. Makao makuu yako Posta au Upanga, matawi yako Kariakoo, Mbagala, Tegeta na Kigamboni. Kila tawi lina faiba ya mtoa huduma mmoja, na pembeni yake redio ya juu ya paa ya mtoa huduma mwingine. Ndani kuna OSPF, itifaki (lugha) ambayo ruta zako huambizana njia, nje kuna BGP, ile ya kuambizana njia na mitandao ya watoa huduma, na bosi ameahidiwa kwamba laini moja ikikatika nyingine itabeba kazi bila mtu kugusa kitu. Halafu katapila la barabara linachimbua faiba, redio iko hai kabisa, na bado watu wamekaa wanatazamana.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba ruta haioni njia ikifa. Inachojua ni kwamba waya umezimika, au kwamba jirani, yaani ruta ya upande wa pili, ameacha kuongea. Ni kama Jangwani Mto Msimbazi unapofurika: madereva wa Barabara ya Morogoro hugeuza mapema kwa sababu kuna aliyetoka huko akawaambia, na kama hakuna aliyewaambia wanaendelea kwenda kujipanga kwenye maji. Karibu kila tatizo lililo hapa chini ni la habari ambayo haikufika, ilifika imechelewa, au ilifika ikapuuzwa.

Na tafadhali, usianze kwa kuzima na kuwasha ruta. Najua inatibu mara nyingi, na ndiyo sababu ugonjwa unarudi wiki ijayo. Ukiiwasha upya unafuta majirani, muda waliokaa hewani, na mara nyingi logi yote. Chukua kwanza picha ya hali ilivyo. Kwenye ruta za Cisco ni `show ip ospf neighbor detail`, `show ip bgp summary` na `show ip route` ya anwani unayolalamikiwa. Kwenye MikroTik angalia orodha ya majirani wa OSPF na BGP, kisha `/ip route print`. Namba ya kuitazama kabla ya nyingine ni muda ambao ujirani umedumu. Jirani aliyekaa wiki tano hana hatia kirahisi. Jirani wa dakika mbili ana maelezo ya kutoa.

Laini imekatika, lakini ruta haikuhama

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote mjini, kwa hiyo tulichambue polepole.

Tazama kwanza kama intafesi ya ruta, yaani mlango wake wa kebo, ilizimika kweli. Mara nyingi haikuzimika. Kati ya ruta yako na faiba kuna kisanduku cha kugeuza mwanga kuwa umeme, au swichi ya mtoa huduma, au redio iliyounganishwa kwa kebo ya mita ishirini hadi juu ya paa. Faiba ikikatika Buguruni, kile kisanduku kilichoko chumbani kwako bado kina umeme, na taa ya intafesi inawaka kijani. Hapo ruta imebakiwa na njia moja tu ya kujua: kimya cha jirani.

Kimya hicho kina saa yake. OSPF kwa kawaida hutuma salamu kila sekunde 10 na humhesabu jirani amekufa baada ya sekunde 40. BGP inavumilia zaidi: Cisco hutuma ujumbe wa uhai kila sekunde 60 na kungoja sekunde 180, Juniper hungoja 90, na pande mbili zikitofautiana hutumika muda mfupi zaidi. Kwa hiyo kama mteja anasema "mtandao ulikata dakika tatu kisha ukarudi wenyewe", hakuna kilichoharibika. Ulikuwa unasubiri BGP ikate tamaa. Dawa ni BFD, itifaki ndogo iliyofanywa kanuni rasmi mwaka 2010 kwa kazi hiyo moja ya kuulizana "upo?" mara nyingi kwa sekunde. Ukiiweka milisekunde 300 na kuruhusu kukosa mara tatu, unagundua kifo kabla ya sekunde moja kuisha. Hiyo ni kwa faiba. Kwenye redio nalegeza sana, kwa sababu inayokuja mbele.

Kama hutumii itifaki yoyote kwenda kwa mtoa huduma, bali una njia chaguo-msingi (ya kila anwani isiyo na njia yake) uliyoiandika kwa mkono, tatizo ni zito zaidi. Njia ya mkono hufa pale tu intafesi inapozimika au, kwenye MikroTik, pale `check-gateway=ping`, inayotuma pingi (pakiti ndogo ya data ya kuuliza "upo?"), inapokosa majibu mawili mfululizo, ambayo ni kama sekunde 20. Lakini kinachopimwa ni geti la mtoa huduma, ruta yake ya kwanza, peke yake. Geti hilo linaweza kuwa mtaa wa pili kutoka kwako, linajibu vizuri, huku nyuma yake hakuna kitu. Pima kitu cha mbali: elekeza anwani kama 1.1.1.1 ipitie laini hiyo tu, kisha ifanye njia chaguo-msingi itegemee kufikika kwa anwani hiyo. Kwenye Cisco kazi hiyo hufanywa na kipimo kiitwacho IP SLA kikiunganishwa na `track`. Tumia anwani mbili za wenye mali tofauti, la sivyo siku anwani hiyo moja ikikwama wewe unahamisha ofisi nzima bila sababu.

Kuna hali ya tatu ambayo hakuna saa wala pingi ya jirani itakayoiponya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Katika siku kama hiyo ujirani wako wa BGP na mtoa huduma unaweza kubaki umesimama bila kutetereka, njia zote ziko kwenye jedwali, na hakuna kinachofunguka. BGP haipimi kasi wala msongamano. Inaangalia kama njia imetangazwa, sera yako inasemaje, na ni mitandao mingapi iko katikati. Njia iliyosongamana na iliyo nyeupe kwake ni sawa. Siku hiyo kazi ni ya mkono wako: shusha kipaumbele cha upande ulioumia, pandisha cha upande wa pili. Na kama pande zote mbili zimeumia pamoja, utakuwa umegundua kwamba watoa huduma wawili uliowalipa wanapanda mkongo mmoja. Swali hilo huulizwa kabla ya kusaini mkataba, pamoja na lingine la karibu zaidi: je, faiba zao zinapita mtaro mmoja kutoka barabarani hadi kwenye jengo lako?

Jirani hapandi hadi Full

Full ni ujirani wa OSPF uliokamilika. Chini yake, hali unayoiona kwenye skrini inakaribia kukuambia sababu, ukijua kuisoma.

Kama jirani haonekani kabisa, pande mbili hazikubaliani jambo la msingi: namba ya eneo (kundi la ruta za OSPF), kinyago cha mtandao (ukubwa wa kitalu cha anwani), saa za salamu, au nenosiri. Au upande mmoja intafesi imewekwa iwe kimya, isitume salamu. Linganisha mipangilio ya pande zote mbili mstari kwa mstari. Ni kazi ya dakika tano na inashinda kubahatisha.

Akibaki `Init`, wewe unamsikia na yeye hakusikii. OSPF haisafiri juu ya TCP wala UDP, wabebaji wa kawaida wa data, ina namba yake ya itifaki, 89, na salamu zake huenda kwenye anwani ya kundi 224.0.0.5. Fayawoli iliyofungua "kila kitu cha TCP na UDP" inaizuia bila mtu kujua. Redio nyingi nazo huminya pakiti za kundi ili kuokoa hewa. Pingi ya kawaida inapita, OSPF haipiti, na fundi anaapa kwamba laini ni nzima.

Akibaki `2-Way` kwenye swichi yenye ruta nyingi, mwache. Hapo ruta huchagua kiongozi na msaidizi wake, na wengine wote hufika Full na hao wawili tu. Nimeona watu wakitibu `2-Way` usiku mzima.

`ExStart` au `Exchange` isiyosonga ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Salamu ni ndogo zikapita. Sasa ruta zinaanza kuoneshana orodha ya zinachokijua, na kila moja inataja ukubwa wa pakiti inayoweza kupokea. Upande mmoja una 1500, mwingine una 1492 kwa sababu uko nyuma ya PPPoE, au 1476 kwa sababu ni handaki la GRE; zote mbili huifunga pakiti kwenye bahasha ya ziada. Kutoka kompyuta ya Windows au Linux, jaribu pingi ya baiti 1472 ukikataza pakiti kukatwa: 1472 na vichwa vya baiti 28 ni 1500 kamili. Isipopita, punguza hadi ipite, ongeza 28, uweke jumla hiyo iwe MTU ya pande zote mbili. Kuna amri ya kuiambia OSPF ipuuze tofauti ya MTU, na wengi huipenda. Jirani atapanda hadi Full, kisha data kubwa za wateja zitapotelea palepale zilipokuwa zinapotelea, ila sasa ukiwa na skrini ya kijani inayokudanganya.

Sababu moja ambayo Dar ina nyingi kuliko inavyostahili: namba ya utambulisho wa ruta inayofanana katika matawi mawili. Tawi jipya linafunguliwa Kibamba, fundi anachukua nakala ya mipangilio ya Tegeta, anabadilisha anwani za intafesi, anasahau utambulisho. Ruta hizo zikiwa jirani moja kwa moja hazitaungana. Zikiwa mbali katika eneo lilelile ni balaa zaidi, kwa sababu kila moja inatangaza habari zake kwa jina lilelile, mwenzake anazisahihisha, na njia za matawi yote mawili zinaonekana na kupotea bila kukoma. Tiba ni kuandika utambulisho kwa mkono kila ruta na kuuweka kwenye daftari la anwani.

Jirani ni Full, njia haitumiki

Anza na njia za mkono zilizosahaulika. Ruta ikipata njia mbili za kitalu kilekile cha anwani kutoka vyanzo tofauti, huamini chanzo chenye namba ndogo: kwenye Cisco njia ya mkono ni 1, BGP ya nje 20, OSPF 110, BGP ya ndani 200. Njia ya mkono iliyowekwa "kwa muda tu" siku ya hitilafu inashinda OSPF milele, hata ikielekeza shimoni. Lakini hata kabla ya namba hizo, ruta hutazama upana wa kitalu, na kidogo hushinda kikubwa: /24 humshinda /16, haijalishi nani kamleta. Kwa hiyo tafuta njia ya anwani moja mahususi, siyo kupitia jedwali zima kwa macho.

Sababu ya pili ni ya kuudhi. Upande mmoja wa laini umeambiwa ni ya watu wawili tu, mwingine umeambiwa ni ya wengi. Saa zikifanana ujirani unaweza kufika Full, lakini ramani zao hazishikani na njia hazihesabiwi. Kwenye redio na faiba za moja kwa moja weka aina ya `point-to-point` pande zote.

Tatu ni gharama. Hesabu ya OSPF ya Cisco ilizaliwa enzi za laini ndogo: inagawanya megabiti 100 kwa kasi ya intafesi, na jibu haliwezi kushuka chini ya 1. Faiba ya gigabiti moja inapata 1, ya gigabiti kumi inapata 1, na intafesi ya megabiti 100 inayoelekea redio ya paa la Kariakoo inapata 1. Ruta inaziona sawa na kugawa kazi nusu kwa nusu. Dalili yake mezani ni ya ajabu: watu wawili waliokaa pamoja, mmoja anapaa na mwingine analia, kwa sababu kila mazungumzo hupangiwa njia moja. Weka `auto-cost reference-bandwidth 100000` kwenye ruta zote, au andika gharama kwa mkono. Ukitumia MikroTik huna uchaguzi, kila intafesi hupewa gharama ileile mpaka uibadilishe.

Inapanda na kushuka

Fungua logi uangalie saa, siyo ujumbe. Vipindi vinavyolingana ni ugonjwa wa mipangilio. Vipindi visivyo na mpangilio ni umeme, hewa au kebo.

BGP inayokufa kila inapotimiza muda wake wa kungoja, inapanda tena na kufa tena, ni MTU kwa mara nyingine. Ujumbe wa uhai ni baiti 19, ila orodha ya njia hutumwa kwa ujumbe unaofika baiti 4096, na TCP huujaza kwenye pakiti kubwa. Pakiti kubwa ikikwama, ujumbe wa uhai unajipanga nyuma yake, na jirani anadhani umekufa.

Handaki la VPN linalopanda na kushuka kila baada ya sekunde kadhaa huwa limejifunza, kupitia handaki lenyewe, njia ya kufika kwenye ncha ya handaki hilohilo. Linajimeza. Zuia anwani za nje za watoa huduma zisitangazwe ndani ya OSPF.

Vipindi visivyo na mpangilio vikifuata masika, kati ya Machi na Mei, tazama masafa ya redio zako. Juu ya takriban gigahezi 10 matone ya mvua hula mawimbi, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyoliwa zaidi. Redio ya gigahezi 5 haijali mvua sana, ila inagombana na redio nyingine zote zilizo kwenye mapaa ya jirani. Laini ya aina hii haifi, inapepesuka, na BFD kali itaihamisha ofisi mara kumi ndani ya mvua moja. Afadhali iwe na saa za polepole, na njia ikirudi ikae imara kwa dakika moja au mbili kabla ya kuaminiwa tena. Na kabla ya kumlaumu Mungu kwa mvua, angalia kama redio ile inatumia betri sawa na ruta. Umeme ukikatika, jenereta huchelewa kidogo kushika, na kisanduku kisicho na betri kinazima kila mara.

BGP inakataa, au inakubali na kuleta sifuri

Hali ya `Active` haimaanishi inafanya kazi. Inamaanisha inajaribu kuunganisha TCP kwenye namba 179 na haipati. Tazama fayawoli, namba ya AS (namba ya mtandao mzima katika BGP) uliyoandika, nenosiri, na kama unaungana na anwani isiyo ya moja kwa moja, kumbuka pakiti za BGP ya nje hutumwa kwa uhai wa hatua moja tu, haziruhusiwi kuvuka ruta ya katikati, mpaka uruhusu zaidi.

`Established` yenye njia sifuri huwa ni sera. Tangu kanuni ya RFC 8212 ya mwaka 2017, programu kadhaa za ruta, FRR mojawapo, hazipokei wala kutangaza chochote kwa jirani wa nje mpaka uandike sera. Ukihamia toleo jipya, mipangilio ya zamani inaweza kunyamaza ghafla.

Njia ya kuingia ndiyo yenye ukaidi. Wewe unatawala pakiti zinazotoka. Zinazokuja wanazitawala wengine. Watu hurefusha njia kwa kurudia namba yao ya AS upande wa akiba, kisha wanashangaa kwa nini trafiki bado inaingia huko. Mtoa huduma hupendelea njia aliyopewa na mteja wake kabla hata ya kuhesabu urefu, kwa hiyo omba alama za jumuiya (maagizo yanayobandikwa kwenye njia) anazozikubali kushusha kipaumbele hicho. Ukiamua kugawa kitalu chako cha /22 kuwa vipande vya /24, ambavyo ndivyo vidogo zaidi vinavyopokelewa kwa kawaida, pitia kwanza ROA, cheti cha nani anaruhusiwa kutangaza kitalu, uliyoiweka AFRINIC, msajili wa anwani za Afrika. Kama inaruhusu /22 tu, vipande vyako ni batili kwa kila mtandao unaokagua, na vitatupwa kimyakimya sehemu fulani ya dunia.

Dalili nyingine ya kimjini: kutoka Mikocheni hadi Posta pingi inasema milisekunde 180. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo milisekunde 100 kwenda na kurudi ni mkongo wa kilomita 10,000 kila upande. Kwa laini isiyosongamana, pakiti hiyo imetoka nje ya nchi na kurudi. Watoa huduma hao wawili hawabadilishani trafiki kwenye TIX, kituo cha kubadilishana cha hapahapa Dar es Salaam, au mmoja wao amependelea njia ya nje. Fuatilia kwa `traceroute`, amri inayoonesha ruta za njiani, kutoka pande zote mbili. Upande mmoja pekee haukuoneshi njia ya kurudi.

Imehama vizuri, watu bado wamekwama

Jedwali ni safi na pingi inapita, lakini mfumo wa malipo haufunguki. Hapa itifaki imemaliza kazi yake. Mazungumzo ya zamani bado yamefungwa na anwani ya NAT (ile ya nje inayotumiwa na ofisi nzima) ya laini iliyokufa, yafute kwenye jedwali la miunganisho. Pakiti zinatoka laini ya pili na kurudi ya kwanza, na fayawoli inazitupa kwa sababu haikuona mwanzo wa mazungumzo. Kompyuta zinauliza majina ya tovuti kwenye seva ya mtoa huduma wa kwanza, naye hajibu watu wa mtandao mwingine. Au benki imeruhusu anwani moja tu ya ofisi yako, ile iliyolala. Waandikie leo waongeze ya pili.

Jaribio la usiku nalo lisiwe la kuchomoa kebo peke yake. Kuchomoa kebo ni kifo ambacho ruta inakiona mara moja. Acha taa iwake, zuia pakiti katikati, kwenye swichi ya mbele, na uhesabu sekunde mpaka tawi la Mbagala lirudi hewani. Ukimfungulia mtoa huduma tiketi baada ya hapo, mpe saa kamili, kitalu kilichoumia, na `traceroute` za pande zote mbili. Ukimwandikia tu "mtandao unasumbua", jibu litakuwa uzime ruta na kuiwasha.